Kijana ukisoma kozi ya udereva wa kujihami (kuona hatari mapema na kuiepuka), bima ya gari itashuka kweli?

Hili swali tunaulizwa sana na vijana waliotoka kupata leseni juzijuzi, na zaidi na wazazi wao maana ndio wanaolipa. Jibu ni kwamba inaweza kushuka, ila inategemea kampuni yako ya bima na sheria za pale gari liliposajiliwa, kwa hiyo kabla hujatoa hela ya kozi wapigie simu kwanza uwaulize. Wengi wanafanya kinyume, wanasoma wanamaliza wanapewa cheti kizuri tu, wakikipeleka bima wanaambiwa hiki chuo hatukitambui, basi hela imeshaenda.

Jimbo la New York kule Marekani linaonyesha vizuri mambo yalivyo. Sheria yao inailazimisha kampuni kukupa punguzo la asilimia 10 kwa miaka 3 ukimaliza kozi iliyoidhinishwa. Mtu akisikia asilimia 10 anadhani ni ya bili yote, kumbe ni ya baadhi ya vipande tu, kama fidia kwa watu wengine na uharibifu wa gari lako likigongana, wizi na moto havimo. Tuseme bima yako kwa mwaka ni 1,000 na hivyo vipande ni 600, hapo unaokoa 60 kwa mwaka, 180 kwa miaka mitatu, toa na ada ya kozi ndio ujue umebaki na nini. Halafu kuna sharti linalowaumiza vijana hasa: punguzo linaenda kwa dereva mkuu wa gari. Kama wewe umeongezwa tu kwenye bima ya mzazi na gari analiendesha yeye kila siku, cheti chako kinaweza kisibadilishe chochote kwenye bili. Na majimbo mengine ya huko, Florida na Illinois kwa mfano, punguzo la kozi linalolazimishwa na sheria ni la watu wa miaka 55 na kuendelea, kijana wa miaka 19 inabaki ni hiari ya kampuni.

Sasa kwanini kampuni zinabana hivi? Ni kwa sababu cheti peke yake hakiwahakikishii kwamba hutagonga. Mwaka 2003 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walikusanya majaribio mengi ya mafunzo ya ziada kwa watu ambao tayari wana leseni, hawakukuta ushahidi kwamba yanapunguza ajali. Norway ndio inashangaza zaidi, mwaka 1979 walilazimisha madereva wapya kufundishwa kuendesha kwenye barabara inayoteleza, na baadaye ikaonekana vijana wa kiume waliopita hapo wanapata ajali zaidi kwenye utelezi, sio pungufu. Walitoka wakijiamini kupita uwezo wao. Kwa hiyo kozi inayokunadia kuslipu gari na kona za spidi mimi nakwambia wazi achana nayo, haijalishi punguzo ni kiasi gani.

Kozi ya maana inakufundisha kuona tatizo kabla halijakufikia. Chukua umbali tu kati yako na gari la mbele. Ukiwa spidi 80 kila sekunde gari linakula kama mita 22, kwa hiyo dereva wa mbele akikanyaga breki ghafla na wewe ndio unanyanyua macho kwenye simu, mita 22 zimekwisha kabla hata mguu haujagusa breki. Ndio maana tunafundisha kuhesabu: gari la mbele likipita nguzo anza elfu moja na moja, elfu moja na mbili, ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza kusema elfu moja na mbili uko karibu mno, punguza mwendo uachie nafasi zaidi, na mvua ikinyesha ongeza mara mbili. Hii ukiizoea mpaka ikawa tabia ndio itakuokoa, maana ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29 duniani kote, na dereva mpya yuko hatarini zaidi miezi ile ya mwanzo, hasa usiku na akiwa amejaza marafiki kwenye gari.

Kwenye hela pia tabia ndio inalipa kuliko cheti. Punguzo la kutodai, yaani la kutoomba bima ikulipe, huwa linakua kila mwaka unaomaliza bila kleimu, na kleimu moja inaweza kulirudisha nyuma sana. Kampuni nyingine zina kifaa au programu ya simu inayopima unavyofunga breki na saa unazoendesha, kwa kijana mtulivu hiyo naiona bora kuliko kozi, ila soma kwanza masharti maana baadhi wanaweza kupandisha bei ukiendesha vibaya.

Ukipiga simu bima uliza haya: mnaitambua kozi gani, punguzo linagusa kipande kipi, linadumu muda gani, na mimi kwenye hii bima nimeandikwa kama nani. Omba wakujibu kwa maandishi, meseji inatosha. Cheti ukishapata kipeleke mwenyewe kabla ya siku ya kukata bima upya, usitegemee chuo kitakupelekea.