Mtaro Uko Upande Gani? Kutafuta Hifadhi za Kulungu Zilizofutika Uingereza

Katika utafiti wangu wa historia ya ardhi ya mashambani Uingereza, hakuna kinachonivuta kama hifadhi za kulungu za Enzi za Kati, yaani maeneo yaliyozungushiwa uzio ambamo mabwana walifuga kulungu. Kitabu cha Domesday, orodha ya ardhi na mali ya mwaka 1086, kinataja hifadhi chache tu, ilhali kufikia mwaka 1300 wanahistoria hukadiria kwamba zilikuwa zipatazo 3,000, maana Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, walikuwa wameeneza kulungu wa madoadoa, na kila bwana mwenye uwezo, awe lodi, askofu au abate, alitaka nyama hiyo ya heshima mezani pake. Nyingi zilivunjwa baadaye zikawa mashamba.

Mimi huanza na ramani. Zile za mchora ramani Christopher Saxton za miaka ya 1570 huonyesha hifadhi kama viduara vya uzio, ila zilizokwisha kuvunjwa hazimo. Kwa hizo hutazama ramani za zaka (sehemu ya mazao iliyolipwa kwa kanisa), zilizochorwa kufuatia sheria ya mwaka 1836, ambazo huambatana na orodha ya majina ya mashamba. Mashamba kadhaa yanayopakana yakiitwa Park (hifadhi) au Lodge (nyumba ya mtunza hifadhi), na ua wa miti ukiyazunguka kwa mkunjo mmoja mrefu, nina sababu ya kwenda kutazama. Mkunjo huo una maana: uzio wa mbao za mwaloni ulikuwa ghali, kwa hiyo pembe zilizungushwa ili urefu wake upungue.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote, hata hivyo, uko ardhini. Misitu ya kale nayo ilizungushiwa tuta na mtaro, lakini mtaro wake kwa kawaida ulichimbwa upande wa nje, ili mifugo isiingie kula machipukizi. Kwenye hifadhi mtaro ulikuwa ndani, kwa sababu aliyezuiwa ni mnyama wa ndani: kulungu aliyetaka kutoroka alilazimika kurukia kutoka shimoni, na juu ya tuta akakutana na uzio. Baadhi ya wenye hifadhi waliacha mahali ambapo kulungu wa nje wangeweza kuruka na kuingia, pasipo na njia ya kutokea. Hilo lilihitaji kibali cha mfalme, aliyehodhi kulungu wa misitu yake.

Siku hizi vipimo vya leza vinavyochukuliwa kutoka ndegeni, ambavyo serikali huvitoa bure, hufichua hata tuta lililosawazishwa na plau. Bado mimi huomba ruhusa kwa mwenye shamba na kuufuata mpaka kwa miguu wakati wa baridi, magugu yakiwa yamelala, nikiandika kila hatua mtaro uko upande gani.