Je, Spika ndiye anayeamua muswada upite?

Wengi huamini kwamba Spika wa bunge ni bosi wa wabunge, na kwamba muswada hupita au huanguka kwa matakwa yake. Inaeleweka, maana ndiye anayesikika akitangaza, "Walioafiki wameshinda."

Lakini kutangaza si kuamua. Spika huwahoji wabunge. Wanaoafiki huitikia "ndiyo", wasioafiki "siyo", naye hutangaza upande uliosikika zaidi. Wabunge wasiporidhika wanaweza kudai kura zihesabiwe, na hapo sikio la Spika halina kazi tena. Mamlaka yake hasa yako kwenye utaratibu: nani aongee, kwa dakika ngapi, nani afute kauli, nani atolewe nje. Si madogo hayo. Mjadala huweza kuelemea upande mmoja kwa jinsi tu nafasi za kuchangia zinavyogawiwa.

Kuhusu kura yake, nchi hutofautiana. Uingereza, Spika hupiga kura pale tu kura zinapolingana. Marekani, Spika ni kiongozi wa chama chenye wingi na anaruhusiwa kupiga kura kama wenzake.

Ukitaka kuhakiki, soma sura ya bunge katika katiba ya nchi husika, kisha Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha shughuli za bunge. Kura zilipohesabiwa, Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, huonyesha matokeo.