Seva ya imeji haijafa: soma skrini kabla hujaipiga upya

Ujumbe ni ule ule, safari hii umetoka skuli moja ya Pemba: "Assalaam alaykum fundi. Seva ya imeji imekufa, mashine haziingii. Tumeshaipiga upya lakini bado." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Wameipiga upya, yaani wamefuta diski na kuiwekea mfumo mpya. Seva ilikuwa na diski moja, na imeji zote za maabara, yaani nakala za diski tunazozimwagia mashine kwa mtandao, ya Windows na ya Ubuntu, zilikuwa kwenye /images ya diski hiyo hiyo. Zimekwenda zote. Na mashine bado haziingii, kwa sababu seva haikuwa na tatizo lolote tangu mwanzo.

Naandika kwa mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba wanaotumia FOG, programu ya kupiga imeji kwa mtandao, ijapokuwa mwenye kutumia WDS, ya kazi kama hiyo ya Microsoft, atayakuta mengi ya haya kwake. Sitaeleza kwa kirefu DHCP, mgawaji wa anwani za mtandao. Nataka tuachane na imani moja tu: kwamba mashine ikikataa kuwaka kwa mtandao, seva ndiyo mbovu. Imani hii inakula siku za kazi, na sasa inakula imeji za watu.

Mashine inapobuti kwa PXE, yaani kuwaka kwa mtandao badala ya diski, kadi ya mtandao inaamka na kuomba anwani kwa DHCP. Jibu linatakiwa lije na mambo mawili juu ya anwani: seva ya kuchukulia faili, ambayo ni chaguo namba 66, na jina la faili lenyewe, chaguo namba 67. Faili inavutwa kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamishia faili. Faili hiyo ni iPXE, programu ndogo ya kubutia. Inawaka, inaomba anwani kwa mara ya pili, kisha inaita menyu ya FOG kwa HTTP. Ukichagua kazi, inashuka Linux ndogo, na hiyo ndiyo inayofungua /images ya seva kwa NFS, njia ya kushirikisha folda, na kuita Partclone, programu inayonakili diski. Kila hatua ina mjibuji wake. Ikikwama, skrini inakwambia imekwama kwa nani, tena kwa namba.

PXE-E61 ni waya, usiende mbali. PXE-E51, au PXE-E16 kwenye mashine za UEFI, maana yake hakuna DHCP iliyojibu. Kama kwenye jengo lako ruta ndiyo inayogawa anwani, basi hapo seva ya imeji haijaulizwa hata neno moja. Ungeichomoa umeme kabisa, ujumbe ungekuwa huo huo. PXE-E53 ni kwamba anwani imetolewa lakini bila jina la faili: 67 haikuandikwa, au kuna mwengine aliyewahi kujibu. PXE-E32 ni kwamba jina limefika ila TFTP haijibu. Hiyo ndiyo ya kwanza inayonifanya niiangalie seva: huduma ya TFTP inakwenda au imesimama, na je, kuna fayawoli njiani. TFTP hugonga poti 69, lakini seva hujibu kwa kutumia poti nyengine kabisa, kwa hiyo fayawoli iliyokaa baina ya VLAN mbili, yaani vipande viwili vya mtandao, ikiruhusu 69 peke yake haijaruhusu kitu.

Sasa nije kwenye lile lililowapata wenzetu wa Pemba, kwa sababu ndilo linalozaa kesi nyingi za "seva imekufa".

Swichi yao ya zamani ilikuwa ya kawaida, isiyosetiwa chochote. Imeharibika, wakaletewa swichi nzuri zaidi, ya kuseti. Tokea siku hiyo mashine inafanya hivi: inapata anwani, inavuta faili, iPXE inatokea na jina lake na toleo lake, halafu inaandika "Configuring", vinatokea vinukta, vinaendelea, na mwisho "No configuration methods succeeded". Maalim wa kompyuta akasema, na ukimsikiliza utaona ana hoja: "Anwani ameshapewa dakika hii hii, anakosaje anwani mara ya pili? Basi faili ya seva ndiyo mbovu." Juu ya hoja hiyo seva ikafutwa.

Kilichotokea ni STP, kinga ya swichi dhidi ya waya uliojizungusha. Swichi ya kuseti, ukiitoa kwenye boksi, mara nyingi inakuja na STP imewashwa. Poti ikipata kifaa, swichi haipitishi data papo hapo. Kwa kanuni ya asili ya 802.1D inasikiliza sekunde 15, inajifunza sekunde 15, ndipo inafungua. Sekunde 30. Kadi ya mtandao ya mashine imewaka mapema na programu yake ya ndani ina subira, kwa hiyo mara ya kwanza inafanikiwa. Kisha iPXE inaishika kadi na kuianzisha upya. Kwa muda mfupi mno kiungo kinakatika, taa ya poti inazima na kuwaka. Kwa swichi hicho ni kifaa kipya, inaanza kuhesabu zile 30 tangu moja. iPXE haina subira ya kiasi hicho. Inaomba, haijibiwi, inakata tamaa. Poti inafunguka wakati mashine imeshaondoka.

Ndio maana Windows kwenye mashine ile ile inaingia mtandaoni bila shida. Windows inaomba, inangoja, inaomba tena, na mtumiaji hata hajui kwamba nusu dakika imepita. Fundi anaona mtandao mzima, anarudi kuituhumu seva.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Chukua swichi ndogo ya poti tano, zile zisizosetiwa, iweke katikati: waya kutoka swichi kubwa uingie humo, na mashine iingie humo. Mashine ikianzisha kadi yake upya, kiungo kinachokatika ni kile cha swichi ndogo. Poti ya swichi kubwa haijui lolote, imebaki wazi. Menyu ya FOG ikitokea hapo, umemaliza uchunguzi na seva hujaigusa.

Dawa ni kuzitambulisha poti za mashine kuwa ni za ukingoni. Cisco wanaita PortFast, wengine wanaandika edge port. Na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu jibu ninalopewa kila siku ni "nimeshawasha RSTP, fundi". RSTP, yaani STP ya haraka, peke yake haitoshi. RSTP inafungua haraka baina ya swichi na swichi zinazozungumza. Poti inayotazama kompyuta, ikiwa haikutambulishwa kuwa ya ukingoni wala swichi haina uwezo wa kuitambua yenyewe, inarudi kwenye kungoja kule kule. Wala msizime STP yote kwa hasira. Siku mwanafunzi atakapochomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye matundu mawili ya ukutani, maabara nzima italala, na hapo tena itasemwa seva imekufa.

DHCP ya pili ni ugonjwa wa maofisini zaidi. Mtu kaletewa ruta ya 4G, kaichomeka ukutani kwa upande wa LAN ili apate intaneti mezani kwake, na sasa jengo lina wagawaji wawili wa anwani. Mashine inamchukua anayewahi. Ndio maana asubuhi inaingia, mchana inakataa, na fundi anaapa hajagusa kitu, na kweli hajagusa. Washa tcpdump, ya kuchungulia pakiti, kwenye poti 67 na 68 za seva, buti mashine moja, tazama majibu yanatoka anwani ngapi. Zikiwa mbili na wewe unajua moja, fuata waya.

Ruta nyingi tunazopewa na kampuni za intaneti hazina hata mahali pa kuandika 66 na 67. Usipigane nazo. Weka dnsmasq, programu ndogo ya DHCP, kwa mtindo wa proxyDHCP: ruta itoe anwani, dnsmasq itoe habari ya faili tu.

Tangu Windows 10 iachwe na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, maabara zetu zimechanganyika: mashine za zamani za BIOS na mpya za UEFI chumba kimoja. Kama 67 yako imeandikwa undionly.kpxe, hiyo ni ya BIOS. Mashine ya UEFI itaivuta, itaandika kwamba faili imeshuka salama, kisha itarudi kwenye menyu yake bila neno la zaidi. Mashine hujitambulisha kwa chaguo namba 93, sufuri kwa BIOS na 7 kwa UEFI ya biti 64. DHCP yako isome namba hiyo na itoe faili inayofaa. Secure Boot, kinga ya UEFI inayokataa programu isiyo na sahihi, nayo huleta dalili zinazofanana sana, kwa sababu iPXE inayokuja na FOG kwa kawaida haina sahihi inayokubalika. Izime, piga imeji, iwashe tena. Ila kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una ufunguo wa kurejesha kabla hujagusa Secure Boot, maana Windows inaweza kuudai.

Na baina ya ipxe.efi na snponly.efi nichague ipi? Maelekezo yanaeleza vizuri: ya kwanza ina madereva yake, ya pili inatumia yale ya mashine. Kwa vitendo sina kanuni. Nimeona kadi inayokubali moja na kuganda kwa nyengine, na mfano wa mashine ule ule ukageuka baada ya kusasishwa BIOS. Najaribu moja, nikishindwa nakwenda ya pili, na nawashuku wanaojibu kwa uhakika bila kuuliza ni kadi gani.

Kama iPXE inapata anwani lakini menyu haiji, soma anwani ya HTTP inayoitwa. Umeme ukikatika na kurudi, seva ambayo anwani yake haikufungwa inaweza kupewa nyengine, na /tftpboot/default.ipxe bado inataja ya zamani. Mstari mmoja wa kusahihisha.

Na lalamiko la "seva nzito", kwamba imeji zinakwenda polepole: tuangalie waya kwanza. Hewa yetu ina chumvi. Chomoa plagi ya RJ45 iliyokaa miaka kwenye chumba chenye madirisha wazi, imulike kwa tochi ya simu, utaona vile vyuma nane vya dhahabu vimefifia, na kimoja au viwili vina kijani pembezoni. Gigabiti inataka jozi zote nne za nyaya. Jozi moja ikifa miongoni mwa zile mbili zisizotumika na 100, kiungo kinashuka mpaka megabiti 100 kwa sekunde na taa inaendelea kuwaka vizuri. Imeji ya GB 20 kwenye gigabiti, kwa hesabu ya waya peke yake, haifiki dakika 3. Kwenye 100 ni dakika 27. Na ikiwa waya huo ndio wa seva na unapiga mashine 20 kila moja kivyake, ni karibu saa 9. Andika ethtool na jina la kadi kwenye seva, usome mstari wa Speed. Usidanganywe na kasi anayoonesha Partclone, anahesabu data ikiwa imeshafumuliwa.

Multikasti, kumwaga mkondo mmoja kwa mashine zote pamoja, husifiwa sana kwa hali hiyo. Mimi kwa maabara ya mashine 20 siipendekezi tena. Mashine moja yenye diski iliyochoka inazivuta zote nyuma, na swichi yenye IGMP snooping (kuchuja mkondo wa multikasti) bila muulizaji inaweza kuukata mkondo katikati ya kazi. Yunikasti, kila mashine na mkondo wake, tano tano, kwenye gigabiti iliyo safi, inamaliza kwa utulivu.

Limebaki la kupandisha imeji, yaani kuitoa kwenye mashine kwenda kwenye seva. Ikikataa mwanzoni, mara nyingi ni Windows iliyozimwa nusu kwa sababu ya kuwaka haraka (Fast Startup). Andika powercfg /h off, zima kweli, rudia. Lakini ikienda mpaka mwisho kisha ikatoa kosa la ftp_login, tafadhali mkono usiende kwenye flashi ya Ubuntu. Imeji yako ipo, nzima. FOG huipandisha kwanza kwenye /images/dev ndani ya folda yenye jina la MAC ya mashine, namba ya kadi yake ya mtandao, halafu kwa FTP huihamishia mahali pake. Kuna mtu amebadilisha nywila ya mtumiaji fogproject, kwa kawaida kwa sababu alitaka kuingia nayo kwenye Linux, na sasa iliyoko kwenye Linux na iliyoandikwa ndani ya FOG hazilingani. Zilinganishe, kwenye mipangilio ya FOG na kwenye hifadhi yake pia, na folda ile ihamishe kwa mkono, uipe jina la imeji. Saa nzima ya kupandisha haikupotea.

Ukiniandikia, nitumie picha ya skrini ilipokwama, uniambie mashine ni BIOS au UEFI, na nini kilibadilishwa wiki hiyo: swichi, ruta, nywila, anwani. Na kabla ya kuipiga upya seva yoyote, nakili /images yote, pamoja na hiyo dev, kwenye diski ya nje, uichomoe.