Kasia halikuakisiwa

Juzi nikiwa mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, nilimsikia kijana akimweleza mdogo wake kwamba kasia lililochovywa ziwani linaonekana limekatika kwa sababu "maji yanaliakisi". Kosa hilo nimelisikia mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma.

Kinachotokea hapo ni kupinda kwa nuru, yaani kubadilika kwa mwelekeo wake inapovuka kwa mshazari kutoka kitu kimoja hadi kingine ambamo kasi yake ni tofauti. Hewani husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini karibu 225,000.

Kuakisi ni jambo jingine kabisa. Neno limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya kugeuza kinyume, na nuru iliyoakisiwa hurudi upande ule ule ilikotoka bila kuvuka. Asubuhi ziwa likitulia, sura ya Jiwe la Bismarck, lile jabali lililosimama ziwani, inayoonekana juu ya maji imeakisiwa. Changarawe unazoziona chini ya maji hayo hayo, nuru yake imevuka.

Hata hivyo, "kupinda" nalo ni neno linalohitaji uangalifu, kwa kuwa ni ndugu wa "upinde", na msikilizaji hudhani nuru inakwenda kwa mviringo. Sivyo: majini imenyooka, hewani imenyooka, na kona yote iko pale maji yanapokutana na hewa. Waarabu husema "inkisari", yaani kuvunjika, na Kilatini nacho kilianzia kwenye kuvunja. Nakiri wametushinda hapo. Upinde wa mvua wenyewe umeitwa hivyo kwa umbo lake tu, ingawa ndani ya matone nuru hupinda kweli na, kana kwamba inataka kutuchanganya, huakisiwa pia. Mahali ambapo nuru hujikunja polepole kama upinde ni kwenye mazigazi, yale "maji" yasiyokuwepo yanayoonekana kwa mbali, mfano juu ya lami ya barabara ya Shinyanga saa saba mchana, kwa sababu joto la hewa hubadilika kidogo kidogo kadiri unavyopanda kutoka ardhini.

Nilimwambia kijana yule kwamba neno analolitafuta ni kupinda, na kinachopinda ni nuru inayotoka majini, ndiyo maana sehemu ya kasia iliyozama huonekana imeinuka, na kina cha mita moja, ukikitazama kutoka juu, huonekana kama sentimita 75. Alilichomoa kasia, akalitazama, akalichovya tena.