Chuma Ni Rahisi, Karatasi Ndizo Ghali

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya bunduki kuukuu kwa WhatsApp, na swali fupi chini yake: "Hii inaweza kwenda bei gani?" Mara nyingi picha ni moja tu, imepigwa kwa mbali, na bunduki imekwisha kusuguliwa mpaka inang'aa. Kazi yangu ni kuthamini silaha za kale kwa ajili ya minada, na kwa picha kama hiyo sina cha kujibu. Afadhali nieleze bei zenyewe hutoka wapi. Mifano yangu mingi ni ya Marekani na Ulaya, maana soko kubwa liko huko.

Tuanze na bastola iliyovunja rekodi ya bei mnadani. Tarehe 27 Agosti 2021 nyumba ya mnada ya Bonhams, Los Angeles, iliuza Colt Single Action Army ya Pat Garrett, sherifu aliyempiga risasi jambazi mashuhuri Billy the Kid huko Fort Sumner, New Mexico, usiku wa tarehe 14 Julai 1881. Bastola iliyotumika ni hiyo hiyo. Makadirio yalikuwa dola milioni 2 hadi 3, lakini nyundo ya dalali iligonga kwenye milioni 5. Sasa chukua Colt nyingine ya aina ile ile, ya miaka ile ile, iliyochakaa kwa kiasi kile kile, ila haijulikani ilikuwa ya nani. Hiyo itauzwa kwa maelfu kadhaa ya dola. Chuma ni kile kile, kiwanda ni kile kile, na zote mbili zinalenga sawa.

Kilichonunuliwa pale ni ushahidi. Garrett aliipata bastola hiyo Desemba 1880 alipomkamata Billy Wilson, mmoja wa wenzake Billy the Kid, huko Stinking Springs. Baadaye ikaangukia mikononi mwa Tom Powers, mwenye baa moja maarufu mjini El Paso. Powers alipofariki, mjane wa Garrett, Bi. Apolinaria, akaidai mahakamani katika miaka ya 1930 na akashinda. Kwa familia zile mbili shauri lilikuwa usumbufu mtupu, lakini kwa mtu wa kazi yangu ugomvi wa namna hiyo ni baraka. Watu wanaapa, wanaeleza kitu kilitoka kwa nani kikaenda kwa nani, na karani anaandika yote. Familia iliyoelewana vizuri hairithishi karatasi hata moja.

Ndiyo maana maneno ya "babu alituambia" hayaongezi bei, hata kama babu alikuwa mkweli. Kinachoongeza ni barua, picha ya mwenyewe akiwa na silaha hiyo, hati ya mirathi, au kumbukumbu za kiwanda. Kiwanda cha Colt bado hutoa barua kutoka kwenye madaftari yake ya zamani, ikionyesha silaha yenye namba fulani ilitoka lini na kwenda kwa nani. Madaftari ya Winchester, kiwanda kingine cha bunduki, yanatunzwa kwenye jumba la makumbusho la silaha huko Cody, Wyoming. Barua hizo huponya na huua. Daftari likisema mtutu ulitoka kiwandani na urefu wa inchi 7 na nusu, na mezani uko wa inchi 5 na nusu, basi uliwahi kukatwa au kubadilishwa, na mwenye mali anaondoka amenuna.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu hizo bei za magazetini. Bastola ya Garrett ilitangazwa kuuzwa kwa $6,030,313, nami nimesema nyundo iligonga kwenye milioni 5. Zote ni kweli. Ile milioni moja na ushee ni ada ya mnunuzi, na inabaki kwa nyumba ya mnada. Muuzaji naye hukatwa kamisheni yake upande wa pili. Tuseme nyundo imegonga kwenye dola 10,000, ada ya mnunuzi ni asilimia 20 na kamisheni ya muuzaji ni asilimia 10. Mnunuzi atatoa 12,000, muuzaji atapokea 9,000, na hapo bado hatujagusa bima, usafiri wala kodi. Anayetumia bei ya gazeti kukadiria atakachotia mfukoni anajidanganya.

Sasa turudi kwenye chuma chenyewe, maana hata bila historia hali ya silaha ina bei yake. Nikipewa Colt ya zamani mkononi, huanza na vichwa vya skrubu. Mfereji wa skrubu iliyoguswa na bisibisi isiyoienea huwa umetanuka kingo, na hapo najua kuna aliyeifungua. Kisha natazama herufi zilizogongwa juu ya mtutu. Za kiwandani kingo zake ni kali. Silaha ikishapelekwa kwenye mashine ya kung'arisha, herufi hulegea na kuwa za mviringo, na upande mmoja huwa umefutika kuliko wa pili. Tena nainamisha bastola kwenye mwanga. Ile rangi ya bluu iliyokolea ya chuma cha bunduki ikionekana imeingia mpaka ndani ya vishimo vya kutu, kutu ilitangulia, rangi ikaja baadaye. Fremu za Colt hizo zilichomwa zikatoka na madoa ya rangi kama mafuta juu ya maji, na madoa hayo hudumu zaidi mahali mkono usipofika. Yakikosekana hata huko kwenye vipembe, nauliza maswali mengine.

Ukarabati wa namna hiyo huweza kufuta nusu ya thamani, hata zaidi. Mzee aliyeiacha bunduki yake na kutu nyepesi ya kahawia amemtendea mjukuu wake wema kuliko aliyeipeleka kwa fundi.

Mfano ninaoupenda wa silaha iliyoachwa ilivyo ni Colt Walker ya nahodha wa Denmark. Walker ni bastola ya kushindiliwa baruti na kuwashwa kwa fataki, ya mwaka 1847, yenye uzito wa kilo 2 na ushee. Zilitengenezwa kama 1,100 tu: 1,000 za jeshi na 100 hivi za raia. Nyingi zilikwenda vitani Mexico, na silinda zake nyingine zilipasuka kwa wingi wa baruti. Ile ya nahodha Niels Hanson ilikuwa ya kundi la raia. Aliinunua New York ikiwa ndani ya sanduku lake pamoja na vifaa vyake, akarudi nayo kwao. Familia iliitunza hivyo hivyo, na hata Wajerumani walipoikalia Denmark katika vita kuu ya pili iliendelea kufichwa. Mwaka 2018 nyumba ya mnada ya Rock Island iliiuza kwa dola milioni 1.84.

Kuna bei ambazo hazitokani na uhaba wala historia, zinatokana na sheria. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale, na haipitii masharti mengi ya bunduki za kawaida. Kwa hiyo bunduki mbili mapacha, moja ya 1898 na nyingine ya 1899, hazitauzwa bei moja. Bunduki za rashasha ndizo zenye maajabu zaidi. Tangu tarehe 19 Mei 1986 raia wa Marekani hawezi kusajili mpya, kwa hiyo zilizokuwa zimesajiliwa siku hiyo ndizo zinazozunguka mpaka leo, na watu wenye fedha wanaongezeka. Thompson za mwaka 1921, ambazo Colt walitengeneza 15,000, zilikuwa zikiuzwa kwa dola mia mbili na kitu. Leo ni makumi ya maelfu.

Uhaba nao huweza kuisha ghafla. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua ghala zima la silaha za kale za Nepal, lililokuwa ndani ya kasri moja Kathmandu. Zilitoka bunduki makumi ya maelfu, zikiwamo Martini-Henry za Waingereza kwa wingi, zimejaa grisi na vumbi la karne. Martini-Henry ya kawaida ikawa kitu cha kuagizwa kwa dola mia kadhaa. Afadhali hizo kuliko zile za kughushi za mpakani mwa Afghanistan na Pakistan, ambazo hujifichua zenyewe: herufi N imegeuzwa, au utaona taji la Malkia Victoria na chini yake mwaka ambao Malkia alikwisha kufa. Alifariki 1901.

Na gobore la babu? Kwa kawaida ni bunduki ya biashara, yaani ya bei rahisi iliyoletwa kubadilishwa kwa bidhaa, haina namba wala jina la fundi wa kuaminika, na soko la nje huzipa dola mia chache. Vibali na usafirishaji vitakula zaidi ya hapo. Hatua ya kwanza ni kituo cha polisi, kwa sababu kukaa nayo bila kibali kunaweza kukutia matatani hata kama haijalia tangu enzi za Mjerumani.

Silaha zilizopita kwetu na zikapata bei zipo, lakini karibu zote ni za wageni wenye majina. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909, miongoni mwa silaha zake ikiwamo bunduki ya mitutu miwili aliyozawadiwa na mtengenezaji wake, Ansley Fox wa Philadelphia. Roosevelt alimwandikia barua ya shukrani. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa Maine kwa $862,500. Wapagazi waliobeba mizigo ya safari ile hawakuachiwa barua.

Jambo la mwisho ni pembe za ndovu, maana bastola nyingi za fahari za karne ya 19 zina mipini ya pembe. Kwanza hutazama mistari inayokatana kwenye sehemu iliyokatwa: pembe ya tembo hufanya kona pana, ya mamothi, ndugu wa tembo aliyetoweka zamani, hufanya kona kali, na mfupa hauna mistari hiyo, una vidoadoa. Uingereza, tangu Juni 2022, kitu cha kabla ya 1947 kinaweza kuuzwa iwapo pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake na kimesajiliwa. Nje ya hapo misamaha ni michache. Marekani kuna sheria ya nchi nzima, na majimbo kama California na New York yana za kwao. Wengine huniuliza kama wang'oe mpini wa pembe waweke wa mti, ili bastola iuzike kokote. Huwakataza. Ukishaung'oa hiyo si bastola iliyotoka kiwandani tena, na barua ya Colt itamwambia mnunuzi hivyo hivyo.