Asilimia 30 ya wanawake, sawa, ila 30 ya nini?

Nafanya kazi na data za majarida ya kitaaluma, na ombi ninaloletewa sana na wahariri ni fupi tu: tupe asilimia ya wanawake na ya Waafrika tuweke kwenye ripoti. Mi huwa nawarudishia swali, asilimia ya nini? Ya walioleta miswada, ya waliokubaliwa, ya wahakiki (wataalamu wanaosoma mswada na kumshauri mhariri aukubali au aukatae) au ya walioko kwenye bodi ya wahariri? Hizo namba hazifanani hata kidogo.

Angalia AGU, chama cha wanajiofizikia cha Marekani. Data zao za 2012 hadi 2015 zilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017, na ukiishia kwenye kukubaliwa utasema hapa hakuna tatizo, maana makala ambazo mwandishi wa kwanza (kwa kawaida ndo aliyefanya kazi kubwa) ni mwanamke zilikubaliwa 61%, za wanaume 57%. Haya, nenda upande wa uhakiki: wanawake walikuwa 28% ya wanachama lakini 20% tu ya wahakiki, na sababu kubwa ni kwamba waandishi na wahariri, hasa wanaume, walikuwa hawapendekezi majina ya wanawake. Na ukishahakiki mara kadhaa ndo mhariri anakujua, kesho keshokutwa anakuita kwenye bodi.

Alafu, umejuaje ni mwanamke? Majarida mengi hayakuwahi kuuliza, kwa hiyo wachambuzi wanatumia programu inayokisia jinsia kwa jina la kwanza. John na Maria hawana shida. Sasa ipe Amani, au Furaha, au Imani, majina ambayo huku kwetu anaitwa wa kike na wa kiume, au ipe jina la Kichina lililoandikwa kwa herufi za Kirumi, itakwambia haijulikani, na mchambuzi mvivu anafuta mstari mzima anaendelea na maisha yake. Wanaofutwa wengi wanatoka Asia na Afrika, so ripoti ya jinsia inabaki kuwa ya Ulaya na Marekani bila mtu kusema.

Ndo maana mi nataka watu wajaze wenyewe. Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilianzisha makubaliano ya pamoja ya ujumuishaji kwenye uchapishaji mwaka 2020, wachapishaji zaidi ya 50 wakajiunga, na sasa kuna maswali ya aina moja kuhusu jinsia, asili na rangi. Ni hatua kubwa, ingawa kwenye asili sisi wa kusini mwa Sahara tumepewa kisanduku kimoja, Mkinga wa Makete, Tanzania, na Mwigbo wa Enugu, Nigeria, humo humo. Na wale waliojibu "sipendi kusema" waonyeshwe kwenye jedwali, usiwafiche.

Kwenye nchi ndo kuna vituko. Tunahesabu kwa taasisi, kwa hiyo Mtanzania aliyeko Boston ni Marekani na Mjerumani wa mkataba aliyeko Ifakara ni Tanzania. Alafu jina limekaa wapi kwenye orodha ya waandishi? Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ Global Health mwaka 2019 ulipitia makala zaidi ya 7,000 za afya kuhusu Afrika: waandishi wa kwanza wenyeji walikuwa karibu 53%, ila kwenye zile zilizoshirikisha vyuo vikubwa vya Marekani wakashuka mpaka 23%. Wenyeji wamo, wamebanwa katikati ya orodha, na ukihesabu vichwa tu hutaliona hilo.

Kwa jarida dogo nakataa kabisa kugawanya data sana. Ukiandika "mhakiki mwanamke, Burundi, idadi 1, aliyependekeza kukataa", kila mtu kwenye fani hiyo ameshamjua ni nani. Hapo naunganisha miaka mitatu au naunganisha nchi, na mhariri akilalamika kwamba chati haivutii, basi alalamike tu.