SWR nzuri lakini husikiki: anza na kebo

"Kaka, mita inasoma 1.3 lakini sisikiki." Ujumbe wa namna hii kutoka kwa wenzangu wa redio ya ridhaa, Mtwara na Lindi, huongezeka mvua zinapoisha na kusi kuanza kuvuma. Wengi wanataka kujua wakate waya kiasi gani. Mimi nauliza kwanza: ile katikati ya dipoli (antena ya waya wa vipande viwili), kebo ya kutoka kwenye redio inapogawanyika, umeizibaje?

Mita ya SWR inalinganisha nguvu inayokwenda na inayorudi, basi: 1 maana yake hakirudi kitu, na namba ikipanda inarudi nyingi zaidi. Ikirudi kidogo, huenda antena imeirusha hewani. Huenda pia kebo imeimeza njiani, na kile kilichogonga antena kikarudi kikamezwa tena. Kwa mita, yote mawili ni mamoja. Ndiyo maana kebo iliyooza huweza kuonyesha SWR nzuri kuliko ilipokuwa mpya, tena nzuri bendi nzima, toka 7.0 hadi 7.2 MHz, bila kupanda pembeni. Dipoli ya chini chini juu ya bati haina tabia hiyo. Nikiona mstari umelala hivyo, naishuku kebo kabla ya kitu kingine chochote.

Juzi tulishusha ya mwenzetu wa Mikindani, nyumba inayopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Kwa nje RG-58 yake, kebo nyembamba ya koaksia, ilikuwa nyeusi, laini, haina hata mpasuko. Nikachana gamba kwa wembe karibu na katikati ya dipoli. Wavu wa shaba haukuwa na wekundu tena: mweusi, na unga wa kijani penye mikunjo. Nikaukunja kwa kidole, nyuzi zikakatika. Tulipoibana kebo kwa koleo, maji yakatoka. Tuliendelea kukata kurudi chini, na shaba inayong'aa hatukuiona mpaka mita ya nne. Maji yakiingia pale juu hayabaki pale juu, kwa sababu wavu ule unayavuta kama utambi wa koroboi.

Kipimo cha kuthibitisha hakihitaji kuchana chochote. Chomoa kebo kwenye redio na kwenye antena, acha ule mwisho wa antena wazi, kisha pima kwa NanoVNA au kichanganuzi chochote cha antena. Usitumie redio yenyewe: kurusha wati zake kwenye kebo iliyo wazi kunaweza kuua hatua ya mwisho ya transmita. Mwisho ukiwa wazi, nguvu yote inapaswa kurudi, kwa hiyo safari hii SWR kubwa ndiyo habari njema. Mita 30 za RG-58 nzima, kwenye 7 MHz, zitakupa kama 8. Ukisoma 3, kebo inakula desibeli 3, yaani nusu ya wati zako. Ukisoma 2, katika wati 100 zinafika juu kama 33 tu, hata kama antena haina kasoro. Kebo hiyo usiihurumie.

Kebo ikifaulu, sasa tuzungumze waya. Nusu wimbi kwa mita ni karibu 143 gawa kwa megahezi, kwa hiyo 7.1 MHz inataka kama mita 20, kumi kila upande. Hesabu hiyo ni ya kuanzia. Bati, mnazi na kimo vyote vinaivuta huku na huku, basi pima antena ikiwa juu pale pale itakapokaa. Tuseme waya una mita 20.7 na SWR ya chini kabisa imeangukia 6.9 MHz. Zidisha 20.7 kwa 6.9, gawa kwa 7.1, unapata 20.12. Punguza sentimita 29 kila upande. Usikate, kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe na uisokote, maana ukizidisha utaweza kuirudisha.

Kama usomaji unabadilika ukishika kebo au ukiisogeza, nje ya wavu kuna mkondo na kebo imegeuka sehemu ya antena. Zungusha mizunguko kama kumi ya kebo hiyo hiyo chini tu ya katikati ya dipoli iwe choki, yaani kizuizi cha mkondo huo, ifunge isitawanyike. Na kama SWR inahama asubuhi penye umande kisha inatulia jua likipanda, tazama vihami vya ncha. Kule ndiko volti zilipo kubwa, na ukungu wa chumvi ukilowa hupitisha umeme. Vioshe kwa maji ya kisima, na ncha usiifunge kwenye mnazi moja kwa moja. Weka kamba ya nailoni katikati.

Tyuna, kile kisanduku cha kulinganisha redio na antena, naiweka mwisho. Ikikaa kando ya redio inaifariji redio tu. Kule juu haibadilishi kitu. Kusogeza kutoka 7.1 hadi 7.19 ni kazi yake halali. Lakini kuilazimisha dipoli hiyo hiyo ifanye kazi 14 MHz kupitia koaksia, redio itatulia na wati nyingi zitageuka joto ndani ya kebo. Kata dipoli ya pili yenye urefu wa mita 10, iunge katikati pale pale, ncha zake uziachanishe na zile ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu, kisha pima zote mbili upya, kwa kuwa kila moja inaisukuma mwenzake kidogo. Zikikubali, ziba ile katikati kwa tepu ya mpira inayojishika, na juu yake tepu ya kawaida ya kukinga jua.